Mtoa Sumu wa Bibi

Kofi la kwanza nililokula kwa ajili ya pombe nililila kwa kutokunywa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, uwanjani kwa bibi, Usoke, msimu wa soko la tumbaku. Aliyenizaba ni mjomba wangu mwenyewe, mdogo wake mama, mtu ambaye kanisani hupitisha kapu la sadaka ameinamisha kichwa kama malaika mwenye maumivu ya shingo. Nilimpelekea kata ya wanzuki kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Akaitazama kata, akanitazama mimi, halafu mkono ukaja. Sikuona umetokea wapi. Nilichoona ni vumbi la uwanja likinifuata usoni.

"Unataka kuniua?" akasema. "Nani kakufundisha kumpa mtu pombe bila kutoa sumu?"

Kwa asiyejua: kwetu anayekupa pombe hunywa funda moja kwanza, mbele ya macho yako. Ndiyo kutoa sumu. Maana yake, kama humu mna kitu, tuanze kufa na mimi. Wazee wanasema ni adabu ya tangu enzi za misafara, wapagazi walipopita huku na pembe mabegani na hakuna aliyemwamini aliyempikia. Wanaipenda sana adabu hiyo. Ila hakuna mzee aliyewahi kunieleza inafanyaje kazi pale mgawaji anapokuwa mtoto na wanywaji wamejaa uwanja. Funda moja kwa kila kata, kata kwa kila mtu, kuanzia mchana mpaka jua linapoinama. Piga hesabu mwenyewe, mimi hesabu nina F.

Nikainuka. Mdomo ulikuwa unavuja. Nikaiokota kata, bibi akanijazia nyingine, nikapiga funda, nikamkabidhi mjomba.

"Sumu haimo, mjomba," nikasema. "Damu ndiyo imo kidogo, baadaye usije ukasema sikukuambia."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi alicheka mpaka akashika mtungi asianguke. Mjomba naye akacheka, akanipapasa kichwa kwa mkono uleule. Siku hiyo nilijifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba kofi la mtu mzima linauma, na kwamba ukinywa kisha ukachekesha, halirudi.

Bibi si mtu mbaya. Jumapili anavaa kitenge cha kwaya ya akina mama na anazijua tenzi zote bila kitabu. Jumatatu anapika wanzuki, kwa asali, maji na machicha ya juzi, na anaipika vizuri kuliko mtu yeyote kuanzia Usoke mpaka Urambo. Alikuwa na sheria moja tu ya kazi. Dumu la wanzuki halifungwi kwa kifuniko chake. Linazibwa kwa gunzi la mahindi, ili povu lipate pa kutokea, kwa sababu wanzuki hata ikiwa dumuni bado inachemka kimyakimya.

"Iko hai hii," alikuwa akiniambia. "Ukiinyima pumzi, itaichukua kwa nguvu."

Nilimsikia. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani sikujua.

Msimu wa tumbaku una ngumi zake. Wakulima wanashusha mizigo asubuhi, mchana wako kwa bibi, na ikifika saa kumi mtu anakumbuka kwamba mwenzake alimsogezea mpaka wa shamba mwaka juzi. Nimeona mwanamke akimburuta mumewe kwa sikio, mume analia kama mbuzi wa Krismasi. Nimeona mtu akipasuliwa kichwa kwa kigoda. Huyo wa kigoda aliangukia mtungi, damu ikaingia kwenye pombe. Bibi akachota ile iliyogeuka rangi, akaimwaga nyuma ya jiko, iliyobaki akaendelea kuuza.

"Mtolee sumu yule mzee wa kofia," akaniambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mikono ilinitetemeka hata kata ikawa inamwagika. Nikapiga funda, mikono ikatulia. Nikapiga la pili, na kabla halijafika tumboni nilikuwa katikati ya uwanja naigiza jinsi yule bwana alivyoanguka, miguu juu, kandambili moja hewani. Watu walilia kwa kucheka. Aliyempiga ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliyepigwa mwenyewe alikuwa amelala chini ya kivuli cha ukuta, kitambaa kichwani, nzi juu ya kitambaa.

Mama aligundua nilipokuwa na miaka kumi na minne. Mama yangu anakaanga maandazi Kitete, Tabora mjini, hanywi hata soda iliyokaa sana. Nilirudi kutoka likizoni na pumzi ya wanzuki, akanitandika kwa kifimbo cha kusukumia chapati mpaka nikaingia chini ya kitanda, akanifuata huko huko kwa ufagio. Halafu akampigia bibi simu, akamtandika naye kwa maneno. Likizo iliyofuata akanipandisha treni tena, kwenda Usoke. Angefanyaje? Yeye kutwa yuko kwenye karai la mafuta, na kwa bibi ndiko kuna chakula. Aliniambia tu, "Usionje." Kana kwamba kwa bibi kulikuwa na kazi nyingine.

Sasa shule. Niko Kidato cha Tatu hapa mjini, kutwa, na pale shuleni mimi ndiye mchekeshaji. Si cheo cha kupigiwa kura. Unakipata kwa kumwigiza mwalimu wa nidhamu anavyotembea, na unakilinda kila siku, maana siku usipochekesha wanaanza kukucheka wewe.

Nyuma ya uwanja wa mpira kuna pagale, nyumba ambayo mwenyewe aliisimamisha mpaka kwenye lenta akaishiwa. Hapo tulikuwa tunakutana wasichana watano baada ya masomo. Vinywaji tulipata kirahisi tu: kuna duka linalouza vile vichupa vidogo vya plastiki, na mwenye duka ukivaa kanga juu ya sare anakuita dada. Mmoja wetu alifundishwa na shangazi zake kwenye kichen pati ya dada yake, wanamjazia mvinyo kwenye glasi ya soda na kumwambia kunywa mama, mwali asiyejua kunywa ataaibishwa na mume. Mwingine alianza kwa sababu ya picha za simuni, wasichana wa Dar wameshika glasi, kucha ndefu, hakuna hata mmoja anayetapika. Mimi nilikuwa na bibi yangu.

Mkubwa wetu alikuwa msichana wa Kidato cha Nne, mrefu, kiganja kama mwiko wa ugali wa jeshini. Kwao baba akilewa anapiga, kwa hiyo na yeye alidhani vitu hivyo viwili vinauzwa pamoja. Sheria yake pagaleni ilikuwa fupi: anayekataa, kofi. Alinizaba mimi siku ya kwanza kabla hata sijakataa.

"Hilo la nini?" nikamuuliza.

"La akiba."

Nikampenda papo hapo. Mtu anayepiga na kuchekesha kwa wakati mmoja, kwangu mimi huyo ni ndugu.

Nani alimleta jirani yangu wa dawati pale pagaleni? Mimi. Alikuwa binti wa fundi cherehani, fundi huyohuyo ndiye anayefundisha kwaya ya vijana kanisani. Binti mwenyewe mpole, mwandiko wake kama umepigwa chapa, na hesabu ananifanyia bila hata kuomba shukrani. Alikuwa akiniuliza, "Huwa mnacheka nini huko nyuma?" Nikamwambia njoo uone.

Akaja. Mkubwa akamnyooshea kichupa. Jirani akasema, "Hapana dada, asante," kwa sauti ileile anayomkatalia mtu karanga. Mkubwa akainua kiganja.

"Ngoja, ngoja," nikasema.

Nikakichukua kile kichupa, nikasimama wima kama niko mbele ya mtemi, nikapiga funda, nikafuta mdomo kwa tai ya sare, nikampa kwa mikono miwili huku nimepiga goti kwenye kokoto.

"Nimeshakutolea sumu. Ukikataa sasa unanitukana mimi, unamtukana bibi yangu, na mababu wote walioko Usoke watakuja kukuuliza usiku umewaonaje."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha ghafla, cha puani, anakionea aibu. Akiwa bado anacheka, akanywa.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kiganja cha mkubwa kilikuwa hewani, na jirani alikuwa amekaza uso kukipokea. Angepigwa na angeondoka, ninavyomjua. Hakunywa kwa kuogopa kofi. Alinywa kwa sababu alicheka.

Mwezi mmoja baadaye nilimkuta nyuma ya vyoo amemshika kola mtoto wa Kidato cha Kwanza, anamzaba kushoto na kulia kwa sababu mtoto alimkanyaga kiatu. Yeye! Mtoto analia, yeye anaendelea, macho yamelegea, mkono unapiga kama wa mtu anayekung'uta kitambaa vumbi. Nikamvuta. Akageuka akanipiga na mimi, sikioni, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani. Na mimi nikacheka. Mtoto akaokota daftari zake akaondoka huku anatutazama.

Ikaja likizo fupi ya Septemba. Nikarudi kutoka Usoke na dumu la lita tano, limezibwa gunzi, limefichwa kwenye mfuko wa mihogo. Treni nzima ilinukia bibi. Mkubwa alikuwa anatimiza miaka kumi na minane wiki ile, na nilikuwa nimemwahidi wanzuki halisi, si ya kwenye vichupa.

Shuleni viranja wanakagua mabegi. Langu wanalikagua mara mbili, hata mikunjo, maana wananijua. La jirani hawajawahi hata kuligusa. Utamkaguaje binti wa kwaya? Kwa hiyo Jumatano asubuhi nikaimimina wanzuki kwenye chupa kubwa ya kioo, ile nene, yenye kifuniko cha kuzungusha. Nikaizungusha. Nikafikiria gunzi, wallahi nilifikiria. Lakini gunzi linapitisha harufu, na harufu ingetuumbua getini. Nikakaza kifuniko kwa meno.

"Nibebee," nikamwambia jirani.

"Ni nini?"

"Dawa ya kikohozi ya bibi. Inakohoa yenyewe."

Akajua. Akacheka, akaitia begini.

Tabora ya kuelekea mvua unaijua: jua linapiga bati, bati linatupiga sisi. Natamani niseme mwalimu wa Jiografia alikuwa anafundisha volkano. Hapana, alikuwa anafundisha kilimo cha pamba. Jirani akainama kutoa rula. Alipolivuta begi magotini, nikasikia mlio mfupi, kama mtu amevunja tofali juu ya tofali, na povu likaruka mpaka darini. Dirisha halikuvunjika. Kilichovunjika kilikuwa karibu zaidi.

Alikaa vilevile, ameshika rula. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimefunguka kama samaki aliyepasuliwa. Chini ya jicho kulikuwa na kipande cha kioo kimesimama chenyewe. Damu ilishuka shavuni, ikachanganyika na asali, ikawa inateremka polepole, nzito, juu ya shati jeupe. Darasa zima likanuka kwa bibi. Hapo ndipo akapiga kelele, na kelele ile bado ninayo.

Hospitali walimshona. Jicho lilisalimika, kioo kilipita upana wa ukucha chini yake. Shuleni walimsubiri na swali moja: chupa ni ya nani? Mkuu wa shule aliliweka wazi mbele ya baba yake, na sisi tuliokuwa tunafagia veranda kwa makusudi tulisikia kila neno. Akimtaja mwenye chupa, atasimamishwa wiki mbili, atarudi. Asipomtaja, chupa ni yake, na Ijumaa anafukuzwa.

"Ni yangu," jirani akasema.

Yule fundi, mtu wa sauti ya chini, mtu anayeimbisha watoto, akainuka. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani, ile rula yake ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa bado iko kwapani. Akampiga nayo palepale ofisini. Alimpiga mgongoni, miguuni, alimpiga kwenye mkono wenye bandeji. Mwalimu wa nidhamu, mwenyewe bingwa wa bakora, ndiye aliyekimbilia kumshika. Rula ilivunjika vipande viwili na fundi akaendelea na kipande.

"Akifukuzwa," akasema akihema, "Jumatatu anapanda basi la Choma. Kwa kaka yangu kuna ng'ombe. Atachunga. Akichoka kuchunga, ataolewa."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Mwenye chupa ajulikane kabla ya Ijumaa, au Choma. Na mwenye ufunguo nilikuwa mimi, nimesimama verandani na ufagio.

Unafikiri nilifanya nini Alhamisi? Nilichekesha. Darasani walikuja wote, wanataka habari, nikapanda juu ya dawati nikaigiza lile bomu la asali, mwalimu wa Jiografia alivyojificha nyuma ya ramani ya Afrika, kiranja alivyolamba mkono kuhakikisha. Walicheka mpaka mmoja akaanguka. Nilipofika sehemu ya jirani, nikainama kama yeye alivyoinama. Nikamwona tena ameketi na rula, kama jana. Dawati nililosimama juu yake lilikuwa letu, na kwenye ufa wa mbao damu ilikuwa imekauka, nyeusi, sisimizi wameifuata kwa sababu ya utamu.

Nikashuka. Baada ya masomo nikaenda pagaleni, nikamwambia mkubwa: "Kesho nasema."

"Unasema nini?"

"Kwamba ni yangu."

"Watakuuliza ulikuwa unampelekea nani."

"Sitasema."

"Wewe?" akacheka. "Wewe mdomo wako hauna gunzi. Mtihani wangu ni wiki chache zijazo. Unajua kwetu nikikosa mtihani huo baba atanifanya nini? Unajua?"

"Najua."

"Hujui."

Sikuuona mkono huu pia. Wa kwanza ulinipata tumboni, wa pili mdomoni. Nikaanguka kwenye kokoto zilezile nilizopigia goti siku ile. Akanikalia kifuani, akanishika masikio, akawa ananipigiza kichwa chini huku anasema, "Sema tena. Sema tena." Na analia. Ndicho kitu kilichonitisha: analia kama mtoto, kamasi zinanidondokea, na mikono haisimami. Wenzetu wawili walisimama pembeni na vichupa vyao. Mmoja akanywa.

Nikamng'ata mkono. Akaachia. Nikatema jino la mbele kiganjani, likanitazama.

Ndimi zetu sisi wachekeshaji zina ugonjwa. Hata pale nilitaka kusema kitu, kwamba sasa nimepata dirisha, kitu cha namna hiyo. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Nikaitema, nikaondoka.

Ijumaa mstarini, baada ya wimbo wa taifa, nikanyoosha mkono. Mwalimu wa nidhamu akadhani ninataka kwenda chooni. Nikatoka mbele bila kuitwa.

"Chupa ni yangu," nikasema. Kwa ule mwanya sauti ilitoka kama filimbi, na shule nzima ikacheka, ikisubiri sehemu ya pili ya kichekesho. Nikarudia. "Wanzuki niliileta mimi kutoka Usoke. Kifuniko nilikifunga mimi. Mwenzangu nilimbebesha mimi, na pombe yake ya kwanza nilimpa mimi."

Kicheko kilikatika vipandevipande, wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho.

"Na hayo meno?" mwalimu akauliza.

Nikamwona mkubwa kwenye mstari wa Kidato cha Nne, uso umekauka kama karatasi.

"Nilianguka."

Sikumtaja. Usinivishe nishani, meno yaliyobaki nilikuwa nayahitaji.

Bakora zilikuwa nne mbele ya mstari, zikafuatwa na kusimamishwa mwezi mmoja, zikafuatwa na mama. Mama hakunipiga. Aliniangalia mdomoni, akaingia jikoni, akakipasua kile kifimbo cha chapati kwa shoka, akakitia motoni. Halafu akampigia bibi simu: "Panda treni. Kesho tunakwenda kwa watu kuomba radhi, na wewe unatangulia."

Maana kazi ilibaki kwa fundi. Shule ilikuwa imempunguzia binti adhabu mpaka wiki mbili, lakini fundi alikuwa ameshatamka Choma, na watu wa aina yake hawarudishi neno kama hawarudishi kitambaa kilichokatwa.

Jumamosi asubuhi tulimkuta barazani anashona, na hakusimamisha mguu. Kando ya mlango kulikuwa na begi la safari limefungwa kwa kamba. Bibi, ambaye magoti yake yana ugonjwa na hajawahi kuyakunja mbele ya mtu mdogo kwake, aliyakunja. Alishuka taratibu, ameshika nguzo, mama anamsaidia kwapani. Akatoa chupa ya asali mbichi, akachovya kidole, akakilamba mbele yake, akaisukuma chupa kuelekea kwenye cherehani.

"Haina sumu, baba. Hii haijachacha," akasema. "Ile nyingine niliifanya mimi. Na huyu mtoto nilimfundisha mimi kuionja, akiwa hajaota hata kifua. Nilikuwa nacheka."

"Mama, inuka," fundi akasema.

"Sijamaliza."

"Inuka, mama."

Mama akamwinua, akamkalisha kwenye benchi. Asali ikabaki chini. Mguu wa fundi ukasimama, gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe kidogo, likanyamaza. Akanitazama mimi.

"Wewe ndiye unayechekesha?"

"Ndiyo. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. "Nichekeshe basi."

Nikasimama. Nilitafuta. Mtu aliyezoea kuchota hujua mtungi ulipoisha kwa mlio wa kata, na mimi niliusikia. Mezani palikuwa na ile rula yake, imeunganishwa kwa gundi na kufungwa uzi mahali ilipovunjikia. Akaona ninaitazama. Akaichukua, nikafumba macho kuipokea. Nilipofumbua, alikuwa ameiweka magotini na anausugua ule uzi kwa kidole gumba.

"Mimi pia sikuona," akasema, sijui kwa nani. "Anaimba sauti ya pili kila Jumapili, hatua mbili kutoka nilipo mimi. Sikuona."

Halafu akageuza shingo kuelekea ndani. "Leta maji ya wageni! Na ile sare yako kailoweke. Damu ikikaa sana haitoki."

Mama alishusha pumzi. Hata mimi, mwenye F zangu, nililielewa: hakuna mtu anayelowekewa sare kwenda kuchunga ng'ombe.

Jirani yangu akatoka na kikombe na jagi. Nyuzi chini ya jicho zilikuwa nyeusi, kama mtu ameanza kumchora. Alishika kikombe kwa mkono mzima, wa bandeji unaegemeza. Kwa maji si lazima, lakini ni mtoto aliyefundwa: akajaza, akaonja kidogo, akapiga goti akampa bibi. Akajaza tena, akaonja, akampa mama.

Akajaza mara ya tatu. Akanipa.

Hakuonja.

Alisimama akisubiri kikombe chake, ananitazama kwa jicho moja, jingine bado limevimba. Baba yake anatazama, bibi anatazama. Maji yalikuwa ya mtungini, ya baridi sana, na yalipofika kwenye lile pengo la jino niliona nyota.

Nikayanywa yote.